Mwalimu wa Kwaya na Wimbo wa Walioshindwa

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na maoni madogo. Ukimuuliza kama chai imekolea, atanyamaza kwanza, ataionja tena, kisha atakupa hukumu na sababu zake. Kwa hiyo pale Buhongwa hakuna aliyeshangaa sana alipoanza kuwa na maoni juu ya muziki wa gemu. Kilichotushangaza ni kwamba alikuwa na maoni juu ya kila wimbo wa gemu lile, na gemu lenyewe hakuwahi kuliona.

Alilisikia kupitia ukutani. Sebule yake na kibanda cha gemu cha Mama Kulwa vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya saruji. Upande wa pili Mama Kulwa alikuwa ameweka televisheni, mabenchi na mashine ya gemu, na vijana walikuja hapo jioni kushindana kuendesha vigari vinavyoruka karibu na ardhi kupita katika miji ya ajabu. Gemu lilikuwa na hatua nyingi na kila hatua ilikuwa na muziki wake, wote wa umeme, usio kabisa na ngoma ya ngozi wala pumzi ya mtu. Mama Kulwa alikuwa pia kiongozi wa alto katika kwaya yetu. Mwalimu asingeweza kumgombeza juu ya kelele bila kuwapoteza alto wote. Akavumilia, na katika kuvumilia akaanza kusikiliza.

Mimi nilikuwa katekista wa kigango kile, na kila Alhamisi baada ya jumuiya nilipita kwake. Alikuwa Mhaya, kwa hiyo kabla ya neno lolote aliniwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna. Tuliketi, yeye mgongo ukutani, tukatafuna, na ukuta ukaanza kuimba. Sina sikio la muziki. Mungu alinigawia mengine, namshukuru kwa hayo, lakini nota hakunipa. Nilichokuwa nacho ni uvumilivu wa kumsikiliza mtu anayesikiliza, na kwa hilo nilipata elimu ambayo hawakunipa katika chuo cha makatekista.

Kwa kuwa hakujua majina ya nyimbo zile, alizibatiza mwenyewe. Wimbo wa hatua ya kwanza aliuita Mwenye Haraka.

"Msikilize," alisema. "Ameingia na kiitikio kabla ya kuimba ubeti. Huyu ni mgeni anayefika na kukaa mezani moja kwa moja, shikamoo atatoa akishashiba."

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Sikusema mbaya. Nimesema hana adabu. Wako watu wasio na adabu ambao ukiwakosa nyumba inapooza."

Wa hatua ya pili aliuita Handaki, na huo alikuwa akiuonea wivu. Ulikuwa na besi moja tu, nzito, iliyokwenda bila kupumzika mpaka gari litoke upande wa pili. Mwalimu aliweka kiganja ukutani ili aisikie vizuri. "Mtu huyu hapumui, Katekista. Besi wangu wakishika nota kwa kitambo cha Amina tu, mmoja anakohoa, mmoja anatazama dirishani, na yule dereva anaishia njiani." Dereva alikuwa mzee aliyestaafu kuendesha lori, besi wetu mwenye sauti kubwa kuliko wote na pumzi fupi kuliko wote. Mwalimu aliwahi kumwambia mbele ya kwaya yote, "Mzee wangu, wewe una injini ya tani kumi na tangi la pikipiki." Dereva alicheka kuliko wote, akaendelea kuishia njiani.

Wa hatua ya tatu aliuchukia. Aliuita Kitendawili Bila Jibu. Ulikuwa na vimlio vidogo vidogo juu, chini mlio mpana na mtupu, na katikati hakuna kitu. "Hapa waimbaji wa tena na wa alto wamekwenda wapi?" aliuliza kila mara, kana kwamba walikuwa wametoroka zamu. Alisema hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha Alhamisi moja mvua ilitupiga kwa nguvu juu ya bati, na upande wa pili kijana alikuwa akirudia hatua hiyo bila kuipita. Mwalimu aliacha kutafuna. Alikaa na kichwa pembeni mpaka mvua ilipopungua.

"Nimemkosea huyu," alisema. "Ameacha nafasi kwa ajili ya mvua."

Nilimwambia kwamba kule gemu linakotoka pengine hawana mabati. Akaniambia nisimharibie mtu toba yake.

Uko na wa hatua ya barafu, wa kengele nyingi. Huo vijana waliupenda na yeye aliudharau. Aliuita Sukari Guru. Alisema kengele moja ni mwaliko, kengele mbili ni furaha, na kengele zaidi ya hapo ni mtu anayeogopa kwamba hatumpendi. Lakini nilimkuta siku nyingine akiuimba huku akimenya ndizi. Nilipomtazama akasema, "Mdomo una mambo yake," na akaendelea kumenya.

Na uko mmoja uliokuwa polepole, wenye milio mirefu ya kinanda inayopishana kama watu wanaotembea kwa huzuni. Kwa huo alivua kofia. Aliamini kwamba ni mahali katika gemu ambapo mtu amefariki na wenzake wanamsindikiza. Alisema hajasikia maziko yaliyopigwa kwa heshima namna ile, bila hata mlio mmoja wa kujionyesha. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba Mwalimu anavua kofia, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba pale ndipo mchezaji anapochagua rangi ya gari.

Mtu aliyemjua Mwalimu kanisani tu asingeamini haya. Kanisani alikuwa adui wa mashine. Kinanda chetu kilikuwa na kitufe cha mapigo, ambacho ukikibonyeza ngoma zinaanza kujipiga zenyewe. Mwalimu alikifunika kwa plasta ya kidonda. Mpiga kinanda alipolalamika kwamba parokia zote za mjini zinakitumia, Mwalimu alimwambia, "Nao wakiingia na maandamano wanatembeaje? Wanatembea wote kama wanafukuzwa." Nilimuuliza siku moja imekuwaje mashine ni dhambi kanisani na ni utamu sebuleni. Hakukasirika. Alilitafakari swali langu mpaka kahawa ikamwisha mdomoni.

"Kule," alisema akionyesha ukuta, "mashine inaimba uimbaji wake. Imejikubali. Hapa kwetu tunataka mashine iwafundishe watu kupumua, nayo haijawahi kupumua."

Vita yake nyingine ilikuwa na herufi. Wengi wa waimbaji wetu ni Wasukuma, na ulimi wa Msukuma ukichangamka, re na le hubadilishana viti. Kwaya nzima ingesimama kwa unyenyekevu ikamwomba Bwana "atuhulumie". Mwalimu alijaribu kurekebisha kwa miaka, akaweka hata mazoezi ya ulimi kabla ya mazoezi ya sauti, mwishowe akashindwa kwa namna yake, yaani akabadilisha mbinu. Akaanza kutunga nyimbo zisizo na re. Chunguza nyimbo zake zote za baadaye, hutakuta neno furaha, utakuta shangwe. Hutakuta rehema, utakuta wema. Padre alimuuliza mbona nyimbo zake hazimtaji Roho Mtakatifu. Mwalimu akajibu, "Padre, yumo. Nimempa jina la Mfaliji, kwa sababu ndivyo watakavyomwita hata nikiandika vingine." Padre alicheka mpaka akakaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Hakuruhusu kwaya ichukue sauti ya wimbo wa mtu mwingine na kuuvisha maneno ya kanisa. Kijana wetu Deo, mwimbaji mzuri sana wa sauti ya tena, aliwahi kuleta wimbo wa Mama Maria, mtamu, tukaupenda wote, mpaka mama mmoja alipofika akacheka na kusema kwamba huo unapigwa na bendi ya baa fulani kule Igoma. Mwalimu alitoa hukumu papo hapo. Deo atakaa benchi la mbele na watoto wa komunio ya kwanza, na hataimba hata Amina, mpaka aitwe. Na aitwe na nani? Na yule aliyechukuliwa wimbo. Deo akaenda Igoma kumtafuta mpiga gitaa. Yule bwana hakuwahi kuombwa msamaha na mtu yeyote kwa ajili ya wimbo, akaguswa, akaja mwenyewe Jumapili kumwita Deo kutoka benchini, akabaki akiimba besi nasi mpaka bendi yake ilipohamia Geita. Tangu hapo ikawa sheria: aliyechukuliwa ndiye anayeita.

Sasa kigango chetu kilikuwa kinakaribia kufanywa parokia, na Baba Askofu alikuwa anakuja. Mwalimu alitakiwa kutunga wimbo wa matoleo wa siku hiyo. Alikaa majuma bila kitu. Halafu asubuhi moja akaja mazoezini uso unang'aa.

"Wimbo huu sikuutunga," alituambia. "Nimeamka nao. Nimepewa."

Maneno yalianza, *Tumekuja na mikono mitupu, Bwana*, na hayakuwa na re hata moja. Sauti yake ilikuwa nyepesi na ya kushuka, kama mtu anayeteremka ngazi akishika ukuta, kisha mwishoni ikapanda kidogo na kubaki pale, ikingoja. Hata mimi nisiye na sikio niliupenda. Lakini niliona jambo. Deo na wenzake wa sauti ya tena walikuwa wameshika vitabu vya nyimbo kwa mikono miwili, na vidole gumba vyao vilikuwa vinacheza juu ya majalada. Walikuwa wanabonyeza.

Baada ya mazoezi Mama Kulwa alinifuata sakristia.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Mama Kulwa. Mbona umeshika mdomo?"

"Nimeshika nisicheke, na nikiuachia pengine nitalia. Wimbo wa Mwalimu ni wa gemu."

"Wa gemu lipi?"

"La kwangu. Ule unaopiga mtu akishindwa. Kila siku nausikia, nitaukosea vipi? Ameubadilisha mwendo tu, akauongezea alto."

"Kuna mtu aliyemwambia?"

"Nani amwambie? Deo? Deo alikaa na watoto miezi mizima."

Nikaelewa kwamba wa kumwambia ni mimi, na nikaelewa pia kinachongoja. Mwalimu alikuwa ameishi maisha yake yote ndani ya ile kwaya. Hakuwa na shamba wala duka, mkewe alikuwa ametangulia, na binti yake wa pekee aliolewa Misungwi. Mtu mwingine angepoteza wimbo mmoja. Yeye, kwa sheria yake mwenyewe, angepoteza mahali pa kusimama.

Alhamisi nikaenda. Sikutaka kumwambia kwa maneno yangu. Nilitaka ukuta umwambie. Basi tukaketi, tukatafuna, tukangoja mtu ashindwe. Bwana ana utani wake. Siku hiyo hakuna aliyeshindwa. Mwenye Haraka alipita, Handaki likapita, Sukari Guru ikapita, vijana wanashangilia, na mimi nasali kimoyomoyo kwamba mtoto wa watu agonge ukingo. Hatimaye mmoja akagonga. Ukaja ule wimbo.

Mwalimu alianza kutikisa kichwa. Akaingia na sauti ya alto, taratibu, kama mtu aliyekutana na rafiki. Kisha akakata.

"Katekista," alisema, "hawa watoto wameniibia wimbo."

Nikachukua punje nyingine ya kahawa.

"Nitazungumza na Mama Kulwa. Wimbo wa Bwana hauwezi kuwekwa kwenye gemu kabla Askofu hajausikia."

Alinitazama. Akautazama ukuta. Nikaona jambo lenyewe linamwingia, si kwa ghafla, bali kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi wenye tundu dogo.

"Gemu hili limekuwa hapo tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaweka sakafu kanisani, Mwalimu."

Alivaa viatu. Kwa mara ya kwanza tangu kibanda kile kijengwe, alizunguka nyumba akaingia kwa mlango wa mbele. Vijana wakasimama, shikamoo zikawa nyingi, mmoja akaficha sigara. Mwalimu alimwomba yule aliyeshindwa ashindwe tena. Kijana alishindwa kwa heshima kubwa. Kwenye kioo kigari kilikuwa kimelala ubavu, moshi unatoka, namba zinahesabu kurudi nyuma, na maneno yanawaka na kuzima.

"Hapa anaulizwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Anaulizwa kama anataka kuendelea, Babu."

"Na akitaka?"

"Anabonyeza hapa. Anaanza tena palepale alipoangukia."

"Na akinyamaza?"

"Namba zikiisha, basi."

Mwalimu alitazama mpaka namba zikaisha. Akauliza pia juu ya ule wimbo wa maziko, kofia mkononi, wakamwonyesha magari yanavyobadilishwa rangi, ya njano, ya zambarau, naye akairudisha kofia kichwani. Tulipotoka nje alisimama kando ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba zile.

"Sitaki uniambie kwamba ule wimbo ni wa dunia," alisema. "Mtu ameanguka, anaulizwa kwa upole kama anataka kuanza tena. Hicho ni kitubio, Katekista."

"Kitubio pasipo padre," nilisema.

"Na pasipo malipizi ya kosa. Hapo ndipo gemu lilipokosea."

Jumamosi aliiambia kwaya yote. Hakupunguza, hakujitetea. Alisema amechukua wimbo wa mtu, hata kama aliuchukua usingizini, na kwamba wimbo huo hautaimbwa. Kisha akamkabidhi Mama Kulwa kijiti cha kuongozea. Jumapili alikaa benchi la mbele na watoto wa komunio ya kwanza, magoti yake yakigusa kifua, na mdomo ameufunga. Hakuimba hata Amina.

Nilijaribu. Nilimwambia sheria aliiweka yeye na anaweza kuilegeza. Akasema sheria unayoilegeza kwa ajili yako mwenyewe ilikuwa ni hasira tu tangu mwanzo. Nilimpeleka kwa padre, na padre akamwambia kwamba hakuna dhambi hapo. Mwalimu akamshukuru sana. "Dhambi haipo," alisema, "lakini wimbo una mwenyewe."

Siku ya Baba Askofu, kwaya iliimba wimbo wa zamani. Mama Kulwa aliongoza kwa ujasiri, besi wakateleza kidogo, Dereva akaishia njiani kama kawaida. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Baada ya misa Askofu alipita akiwabariki watoto wa benchi la mbele, mmoja mmoja, mpaka akakutana na kichwa chenye mvi.

"Na wewe mzee wangu, unajiandaa kwa komunio ya kwanza?"

"Ndiyo, Baba Askofu. Nimechelewa kidogo."

Tulicheka sote, na yeye alicheka. Lakini majuma machache baadaye maumivu ya magoti yalizidi, binti yake akaja akamchukua Misungwi. Aliondoka bila kuagwa na kwaya, kwa sababu alisema kwaya haimuagi mtu aliye nje ya kwaya. Ukuta ukabaki unaimba peke yake.

Ni Mama Kulwa aliyeleta wazo. Alisema kwamba gemu likimalizwa lote, mwishoni hupita majina ya watu waliolitengeneza, na jina la mtunzi lazima liwemo. Tukilipata, Deo atamtafuta kwa simu, mwenye wimbo ataombwa amwite Mwalimu. Tatizo ni kwamba tangu kibanda kifunguliwe hakuna aliyewahi kulimaliza. Vijana wa Buhongwa walikuwa wakishindana wao kwa wao, hakuna mwenye haja ya kufika mwisho.

Basi kwaya ikaanza kucheza gemu. Namshukuru Mungu kwa kuniweka hai nione. Soprano wenye vilemba walikaa kwenye mabenchi yale na vidude mikononi, wakipinda miili yao kila kona. Dereva alikuwa na tumaini letu kwa sababu ya ujuzi wake, kumbe ndiye aliyekuwa wa mwisho kila siku, maana alipunguza mwendo kwenye kila kona na kuwapisha wengine.

"Mzee, ongeza moto," Deo alimwambia.

"Hapa pana watoto wanavuka."

"Hakuna watoto, Mzee. Ni gemu."

"Wewe umewaona wapi watoto wakijitangaza kabla ya kuvuka?"

Niliwaambia Kwaresima inakaribia na gemu hilo liishe kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa sababu sitasimama mbele ya waumini nihubiri mfungo huku kwaya iko kibandani. Waliongeza bidii. Walipita barafu, wakapita mji wa taa ambao hakuna aliyewahi kuuona, wenye wimbo mpya kabisa, na wote wakawaza kwa pamoja mtu mmoja angesema nini. Mwishowe alikuwa Mama Kulwa mwenyewe aliyevuka mstari wa mwisho, jioni, wali unaungua nyumbani kwake.

Majina yakaanza kupanda. Yalikuwa mengi kuliko majina ya litania, na yote katika herufi ambazo hakuna aliyezijua, kama vijumba vidogo vilivyojengwa kwa vijiti. Deo alijaribu kuyapiga picha, yakawa yanakwenda. Soprano mmoja alifuta macho kwa kilemba. Mama Kulwa alikuwa ameyarekodi yote kwa simu, lakini ya kazi gani.

Tukakubaliana kwamba angalau Mwalimu asikie muziki wa mwisho. Jumapili baada ya misa, Mama Kulwa na mimi tukaenda, tukapita Usagara, tukafika Misungwi kwa binti yake. Tulimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Alifurahi kutuona na akauliza habari za kila mtu, isipokuwa kwaya.

Mama Kulwa akamweleza yote, mabenchi, vilemba, Dereva na watoto wake wanaovuka. Mwalimu alicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akageuza kiti akatupa mgongo.

"Weka simu huko nyuma," alisema. "Mimi muziki huu nausikia kwa mgongo."

Wimbo wa mwisho ulipiga uani mle, na kuku wakapita katikati yake. Ulikuwa wa polepole. Mwalimu hakutikisika.

"Huyu alikuwa amechoka alipoutunga," alisema ulipokwisha. "Uchovu mzuri, wa mtu aliyemaliza kazi. Ameacha hata kiitikio. Na majina?"

"Hayasomeki, Mwalimu," nilisema. "Si herufi zetu. Tumeshindwa."

"Yote?"

"Yote."

"Hakuna hata neno moja la kusomeka, mpaka mwisho kabisa?"

Mama Kulwa akarudisha picha nyuma, akaangalia. "Mwisho kabisa kuna Kiingereza kidogo, lakini si jina. Ni maneno tu, yako kwenye kila gemu."

"Yasome."

"Wanasema asante kwa kucheza."

Mwalimu akageuka na kiti chake.

"Nani anasema?"

"Wao. Hao wenye majina. Wote waliotengeneza."

"Na mtunzi yumo?"

"Lazima awemo, Mwalimu."

"Wanamwambia nani?"

"Anayecheza. Aliyefika mwisho."

Aliichukua punje moja ya harage, akaiweka kwenye ungo. "Mimi sikucheza," alisema.

"Sisi ndio hatukucheza, Mwalimu," Mama Kulwa alisema. "Sisi tulibonyeza tu. Wewe ndiye uliyeusikiliza ule muziki miaka yote, wimbo kwa wimbo, ukawapa wale watu haki yao, na hata uso wao huujui. Kama kuna mtu wanayemshukuru hapa Tanzania nzima, ni nani?"

Alinigeukia mimi. Nadhani alitaka nipinge, kama nilivyokuwa nikipinga Alhamisi zote. Nilikuwa nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba Mungu hutangulia, kwamba hungoja mlangoni kabla mwenye deni hajapata maneno ya kuombea msamaha. Nilimwambia hivyo hivyo, kama ninavyowaambia watoto. Nikamwambia kwamba huyo mtunzi, kwa asante ile, amekwisha kumwita kabla hajaombwa.

Binti yake alitoka na chai, akaona hakuna anayemtazama, akasimama na sinia.

Mwalimu alisafisha koo. Alisafisha tena, kwa sababu lilikuwa na kutu ya miezi.

"Mama Kulwa," alisema, "nipe alto. Na uanzie chini, huko juu mlikokuwa mnaanzia mtawaua soprano."

Mama Kulwa akampa. Mwalimu akafumba macho, akafungua mdomo, akaingia na sauti ya tena: *Tumekuja na mikono mitupu, Bwana.* Walipofika pale mwishoni, ambapo wimbo unapanda kidogo na kungoja, alinyoosha mkono na kunionyesha mimi, niingie na besi. Nikaingia. Nilikosea nota, naye hakunikatiza.